Shangazi, mume wangu anataka kututembeza Lushoto mpaka Mtae kwa miguu na mdogo ana miaka minne

Shangazi shikamoo.

Pole na majukumu. Nimesita sana kuandika maana nikimwambia mtu shida yangu anacheka, dada yangu mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini, lakini mi nimefika shingoni.

Nimeolewa mwaka wa kumi na tatu huu, tuna watoto watatu, wa kwanza wa kike ana miaka 11, wa katikati wa kiume ana 7 na kitinda mimba wa kike ana 4 na miezi kadhaa. Tunakaa hapahapa Tanga, Ngamiani. Mume wangu ni mtu mzuri wala sina la kumsema, halewi, hana mkono, mshahara ukiingia naujua. Ugonjwa wake mmoja tu, milima. Mwaka 2016 kazini kwao waliwapeleka watu Kilimanjaro, akaenda kwa njia ya Marangu na akafika mpaka juu kabisa, basi toka siku hiyo hatupumui. Cheti kimetundikwa sebuleni juu ya tivii, mgeni akiingia kabla hajapewa maji ameshaoneshwa cheti. Sa amejiwekea kichwani kwamba watoto wake lazima wawe "watoto wa mlima" sio watoto wa katuni na simu. Wazo lenyewe wala silipingi, tena nalipenda, watoto wetu kweli wamezidi kulala kwenye makochi.

Tatizo ni namna anavyofanya. Mwezi wa kumi na mbili mwaka jana alitupeleka kwenye kilima kimoja upande wa Muheza, sitakitaja. Tulitoka nyumbani tumechelewa, tukaanza kupanda saa nne na nusu jua limeshakaa utosini, maji tulibeba chupa moja na nusu kwa watu watano maana alisema "ni hapo tu juu". Hapo tu juu haikufika. Yeye mbele anatembea kama anafukuzwa, kila tukimfikia anainuka anaendelea, yani yeye anapumzika akitusubiri afu sisi tukifika mapumziko yamekwisha. Mdogo alitembea nusu saa akakaa chini akasema amechoka, nikamfunga kanga mgongoni, nimembeba masaa mawili na zaidi Shangazi, na mimi sio mwembamba. Mvua ikatunyeshea. Kushuka huyu wa katikati akaingia kwenye siafu, hajakaa sawa akashika upupu, kilio kile mpaka leo nakisikia. Tumefika barabarani kiza, tumerudi na bodaboda mbili mpaka stendi. Na baba watoto kitu alichosema usiku ule ni "hawa watoto mnawadekeza".

Toka siku hiyo wa katikati akisikia neno mlima analia. Kweli kabisa analia, shuleni wamesoma milima ya Tanzania mwalimu ananiambia mtoto amejiinamia.

Sasa juzi amekuja na mpya. Likizo ya mwezi wa sita anataka twende Lushoto tutembee mpaka Mtae siku tatu, na rafiki zake wawili wa kazini ambao hawana watoto. Ameshawaambia. Mama mkwe naye amesikia amekuja juu, anasema watoto wa watu hawapelekwi misituni ovyo kuna mizimu ya wenyewe, na eti mimi ndo namshawishi mwanawe! Niko katikati, huku mume huku mkwe.

Naomba unisaidie mambo mawili. Kuna sehemu gani huku kwetu Tanga familia yenye watoto wadogo inaweza kutembea bila kuuana? Na nimwambieje huyu bwana bila kumvunjia heshima, maana nikisema sitaki atasema naogopa, na nikikubali mdogo ataishia mgongoni kwangu mpaka Mtae.

Wako,
Mama Watatu, Ngamiani

Marahaba mwanangu.

Na mimi nimecheka kidogo kwenye hicho cheti, nisamehe, afu nilipofika kwenye kanga na masaa mawili nikaacha kucheka. Pole sana.

Nianze na la Mtae nilimalize maana ndo lina tarehe. Jibu ni hapana, kwa huyo wa miaka minne na kwa huyo wa saba pia. Lushoto mpaka Mtae ni safari ya watu wazima, ni siku kadhaa unapanda unashuka, vijiji, mashamba, msitu, unalala kijiji hiki unaamkia kingine, na waongozaji wa Lushoto wanaipeleka kwa wageni waliokuja na viatu vyao na mazoezi yao. Nzuri sana, mi mwenyewe ningekuwa na magoti ningekwenda. Lakini katikati ya njia ile mtoto akisema basi, basi yake inakuwa haina maana, hamna pa kwenda ila mbele au nyuma na kote mbali. Mtoto mdogo mpeleke njia ambayo akisema basi saa hiyohiyo mnaweza kugeuka na ndani ya nusu saa mmekaa mahali mnakunywa soda. Hicho ndo kipimo changu cha kwanza na kingine chochote kinafuata.

Mumeo anapima kwa kilele, kwa sababu Kilimanjaro walimfundisha hivo, kule usipofika juu hupewi hicho cheti cha kutundika. Mtoto wa miaka minne hajui kilele. Yeye anatembea hatua hamsini ameona jongoo, anachuchumaa, anamchokoa na kijiti jongoo anajikunja, anasubiri ajikunjue, anamchokoa tena, hapo dakika kumi zimekwenda na mtoto hajachoka hata kidogo. Mnyanyue umwambie twende twende, baada ya dakika tano anakwambia miguu inauma. Nimelea wanangu na wajukuu, na hesabu yangu ni hii: wa miaka minne kilomita mbili kwa asubuhi nzima zinamtosha, tena zenye vituo, wa saba anaweza nne au tano, na huyo binti wa 11 akiamua anaweza kumshinda baba yake. Ila safari inapimwa kwa mguu wa mdogo. Na mdogo ndo anatembea mbele, andika hilo. Baba akae nyuma kabisa.

Sasa sehemu. Mwanangu wewe unakaa Tanga na hujui una bahati gani.

Usianze na mlima. Anza Raskazone, tena bila kutaja neno matembezi. Jumamosi mkishaswali alfajiri mkanywa chai, nendeni Bustani ya Jamhuri pale penye mnara wa saa ya Wajerumani, mkae kidogo watoto waangalie meli na kile Kisiwa cha Toten kilivyolala kwenye ghuba, afu mfuate barabara polepole kupitia Bombo mpaka Raskazone. Tambarare, kivuli kipo, ni kama kilomita tatu tu. Na kwa kuwa Tanga ni mji wa baiskeli, mwambie baba watoto aje anasukuma baiskeli yenye kerea nyuma yenu, maji na chakula vikae hapo, na mdogo akichoka anapandishwa juu anaendelea na safari kama bibi harusi. Hapo hamna kanga ya mgongoni. Mkifika watoto wanaingia baharini, mnakula mihogo, dafu moja moja, mnarudi na bajaji. Usikubali wazo la kurudi kwa miguu hata akisema "ni hapo tu", maana hiyo hapo tu yake tunaijua.

Na kuna hadithi ya kuwapa njiani, huyo wa saba ataipenda. Novemba 1914, vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walileta wanajeshi kutoka India kama elfu nane hivi, wakashuka hapohapo Raskazone waje kuuchukua mji wa Tanga. Mjerumani, yule Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama elfu moja, wengi wao askari weusi. Mapigano yalivyopamba moto risasi zikapiga mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini, nyuki wakatoka wamekasirika, watu wakaacha vita wakawa wanakimbia nyuki. Waingereza walishindwa wakarudi kwenye meli zao wakaacha silaha na vitu chungu nzima. Wazee wa zamani wanaiita vita ya nyuki. Mtoto aliyeng'atwa na siafu akisikia jeshi zima limekimbizwa na nyuki, atajiona na yeye si mwoga peke yake.

Jumamosi nyingine, kama hiyo imekwenda vizuri, Amboni. Mapango yako kama kilomita 8 tu kutoka mjini, njia ya Horohoro, na utashangaa watu waliozaliwa Tanga wakazeekea Tanga hawajawahi kuingia. Mnapewa mwongozaji na tochi, mnaingia pango moja lililofunguliwa kwa wageni, na humo ndani mawe ya chokaa yamejichonga maumbo, atawaonesha hili mamba, hili kochi, hili meli, watoto wanapenda kubishana naye. Popo wapo wengi. Kuna mahali mnainama, kuna mahali panateleza, kwa hiyo raba zenye meno, sio kandambili na sio vile viatu vya Idd. Watoto wote watatu kila mmoja ashike tochi yake, hata kama ni tochi ya simu ya kitochi, mtoto mwenye tochi mkononi haogopi kiza kama yule anayemulikiwa. Huyo wa katikati mwambie mapema kabisa kwamba ndani ni giza na kuna popo na mwambie akisema tutoke tutatoka. Na akisema, mtoke kweli. Mara moja tu ukimdanganya hapo umempoteza mwaka mzima.

Mtasimuliwa habari za Osale Otango, jamaa aliyejificha mle miaka ya hamsini wakati serikali ya kikoloni inamtafuta, wengine wanamwita mpigania haki wengine jambazi, inategemea nani anasimulia. Na ile ya mbwa aliyeingia pangoni akatokea mbali huko, kila mwongozaji ana mwisho wake, mi nimeshasikia wa Mombasa na wa Kilimanjaro.

Hapa ndo nije kwa mama mkwe wako. Usimcheke. Mle pangoni kuna sehemu watu wanakwenda kuomba na kuacha vitu vyao, utaviona, na kule milimani Usambara iko misitu ya mizimu ambayo wenyeji wanaiheshimu na ndo maana haijakatwa. Kwa hiyo anaposema msitu una wenyewe hajakosea sana. Mwambie "mama, tutakwenda na mtu wa palepale na watoto hawatagusa kitu", na watoto kweli wasiguse kitu. Afu mchukue Jumamosi ya Raskazone. Mkalishe kwenye mkeka na chupa ya chai, watoto wakicheza mchanga, baba mtu akisukuma baiskeli, nakwambia wiki inayofuata yeye ndo atauliza tunakwenda wapi. Wakwe wengi wakisema mizimu ndani yake kuna "mbona mi simo".

Tongoni nitaitaja kwa kifupi, kilomita kama 20 njia ya Pangani, magofu ya msikiti wa zamani na makaburi ya nguzo, panapendeza, tambarare, ila ni pa kuangalia zaidi kuliko kutembea, watoto wadogo dakika arobaini wameshamaliza. Mwende siku mna safari ya Pangani mpitie.

Sasa msitu wenyewe. Kama bwana anataka watoto waone msitu wa kweli awapeleke Amani, pale Muheza, na nadhani kile kilima chenu cha balaa hakikuwa mbali na huko, ndo inavyouma zaidi. Hifadhi ya mazingira asilia Amani ilianzishwa 1997, lakini Wajerumani waliweka bustani yao ya mimea huko tangu 1902, miti mingine ililetwa kutoka pembe zote za dunia na imeshakuwa mijitu mpaka leo. Chini kuna geti la Zigi, pale palikuwa na stesheni ya reli ya zamani, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji, na unamwambia neno moja tu: nina mtoto wa miaka minne. Njia zipo nyingi, zingine ndefu za watu wa ndege na miti, mwambie unataka fupi ya chini karibu na mto. Wenye watoto wakubwa kidogo wanaweza kupanda juu Amani wakatembea ile barabara ya msituni na mashamba ya chai upande wa Kwamkoro, pana, haina mwinuko wa kuua mtu, mbega na kima wanaruka juu.

Kule usimwambie huyo wa saba tunakwenda mlimani. Mwambie tunakwenda kutafuta vinyonga. Usambara ni nchi ya vinyonga, wapo wenye pembe, wapo wadogo kama kidole mpaka uoneshwe ndo uwaone, na waongozaji wana macho ya kuwatoa kwenye majani. Mpe daftari achore. (Mkwe atasema kinyonga ni nuksi, na wewe sema ndio mama, tutawaangalia kwa mbali.) Vijiji vya huko wapo wanaofuga vipepeo pia, ulizia mapokezi kama siku hiyo mnaweza kupitia. Na huyo binti wa 11 mwoneshe lile ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli, mkuu wa wilaya wa Tanga enzi za Mjerumani, jina lake Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake Ujerumani mwaka 1892 na leo limejaa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya nzima. Asili yake ni huku kwetu kwenye milima hii, na wenyewe hata tukilikanyaga hatujui.

Jingine la kuwaambia wakiwa pale mtoni: huu mto Zigi ndo unaingia bwawa la Mabayani na ndo maji ya bomba Tanga mjini. Wanangu niliwaambia hivo, mmoja akauliza "kwa hiyo nikikojoa hapa ntayaoga nyumbani?" Hajawahi kusahau mpaka leo na hajawahi kukojoa mtoni.

Kuogelea mtoni lakini hapana, hasa kwenye vidimbwi vya maji yaliyotulia, kichocho hakina hifadhi wala kiingilio.

Kuhusu yale yaliyowapata. Siafu wanatoka sana baada ya mvua, wanavuka njia kama kamba nyeusi, kwa hiyo aliye mbele anaangalia chini, na suruali inachomekwa ndani ya soksi hata kama mtoto anaona aibu. Wakishaingia usisimame kuwapangusa palepale maana umesimama juu ya wenzao, mkimbize mtoto mita kadhaa, vua nguo zote, watoe mmoja mmoja. Upupu ule wenye maganda ya manyoya ya dhahabu unakauka kipindi cha kiangazi na upepo unayapeperusha manyoya, hata kupita chini yake tu unawashwa. Mtoto akiupata asijikune na wewe usimsugue kwa maji ukidhani unamsaidia, yale manyoya unayatembeza tu. Vua nguo, bandua manyoya kwa kitu kinachonata, bonge la ugali au unga uliokandwa, hata selotepu, ukishayatoa ndo umuoshe, na hizo nguo zifungwe kwenye mfuko peke yake. Yakiingia machoni ni hospitali.

Maji hapo sitaki mjadala, kila mtu lita yake kwa matembezi ya asubuhi, hata mdogo, na hayo ya mdogo baba anabeba. Mnaanza saa kumi na mbili na nusu au moja kasoro, saa tano jua likianza ukali mmeshakaa. Mmepita Muheza na hamjanunua machungwa? Mfuko mzima, mnamenya njiani, yana sukari na yana maji humohumo na yanampa mtoto sababu ya kukaa. Muhogo wa kuchemsha, mayai, vitumbua. Biskuti tamutamu weka mfukoni mwako kimya, ile moja ya dharura ya kurudia, usizianze mwanzo. Sweta moja moja na nailoni za mvua hata kama mbingu nyeupe, maana upande huo wa Amani mvua haiangalii kalenda.

Haya, tuje Lushoto, maana sikwambii msiende. Nendeni. Ila tengeneza safari moja yenye matembezi mawili. Mnatoka Tanga, Segera, Korogwe, Mombo, mnapanda zile kilomita 33 za kona mpaka mjini Lushoto, na mtoto asipewe chipsi na soda pale Mombo kabla ya kona za Soni tafadhali, mkae dirishani na mfuko mkononi. Mnalala. Lushoto iko juu mita 1,400 hivi na mwezi wa sita baridi ni ya kweli, mtoto wa Tanga anaweza kulia kwa baridi tu, blanketi na kofia beba.

Kesho yake ni siku ya familia nzima, na rafiki zake wakipenda waje wasipopenda wakanywe kahawa. Mnakwenda Irente. Kutoka mjini mpaka kule ukingoni ni kama kilomita 6, sasa nyie msitembee zote, pandeni na gari au bodaboda mpaka shamba la Irente, kuanzia hapo ndo mtembee mpaka kwenye mwamba, kuna nyumba, kuna migomba, kuna watoto wenzao wa kusalimiana nao, na ghafla dunia inakwisha, chini kabisa unaona Mazinde nyumba kama vibiriti na tambarare inakwenda mpaka macho yanachoka. Baba watoto atapata kilele chake bila kumuua mtu. Lakini nisikilize hapa, ule ni mteremko wa mawe ulionyooka chini. Kabla hamjafika ukingoni kila mtoto ashikwe mkono na mtu mzima mmoja, watoto watatu watu wazima watatu, hapo ndo rafiki zake watapata kazi. Hakuna picha za kusimama pembeni, mpiga picha arudi nyuma yeye, sio mtoto. Mkirudi mnapita shambani mnakula mkate wao na jibini na jemu, watoto wanalala kwenye majani.

Baada ya hapo yeye na wenzake waende Mtae yao na mwongozaji. Wewe na watoto mnabaki Lushoto, mnazunguka sokoni, mnakula matunda, siku moja mnashuka Soni kuangalia maporomoko yako karibu na barabara tu. Akirudi kwa basi atakuwa na hadithi na nyie mtakuwa na za kwenu. Ila mwambie na hili, akirudi watoto ni wake siku nzima peke yake na wewe unalala. Siku tatu za kubaki na watoto watatu hotelini nazo ni mlima.

Namna ya kumwambia. Usimwambie mbele ya watoto, usimwambie mbele ya wale rafiki zake, na usianze na habari ya mwezi wa kumi na mbili maana ataanza kujitetea na mtaishia kugombania nani alisahau maji. Wewe hukumkatalia milima, kwa hiyo usiongee kama unakataa. Mwambie "baba fulani, mtoto wako wa kiume akisikia mlima analia, na mimi nataka aje apande Kilimanjaro na wewe akiwa mkubwa, sasa tufanyeje?" Nyamaza hapo. Mwache akae nayo. Mwanaume aliyetundika cheti juu ya tivii, hilo swali litamkosesha usingizi, kwa sababu hajui kama mtoto anaogopa mlima, yeye anadhani anadeka. Nina hakika hata la shuleni hujamwambia. Mwambie.

Akikubali, mpe kazi, watu wa aina yake bila kazi wanakimbia mbele. Yeye ndo wa mwisho kwenye mstari, anabeba maji, anakagua viatu, na yeye ndo anashika saa: ikifika saa fulani mliyokubaliana nyumbani mnageuka, popote mtakapokuwa, hata kama kilele kinaonekana. Hiyo Kilimanjaro aliifundishwa, pale Kibo waongozaji wanageuza watu wazima wenye ndevu zao kila siku, akumbushwe tu.

Na akikataa kabisa akang'ang'ania siku tatu na watoto? Basi hapo mwanangu usiende, na watoto wasiende, na hilo unalisema ukiwa umekaa, sauti ya kawaida, "mimi na watoto tutakusubiri Lushoto". Kuogopa kwa ajili ya mtoto wa miaka minne hakujawahi kuwa aibu ya mama yeyote. Akisema unaogopa mjibu ndio naogopa, afu endelea kukuna nazi yako.

Huyo wa saba usimkimbize. Kama Raskazone ikabidi iwe mara tatu kabla ya Amboni iwe mara tatu. Mruhusu achukue rafiki yake mmoja wa mtaani, ukimwomba mama yake, mtoto mbele ya mwenzake anasahau kuogopa.

Mkienda Irente niletee chupa ya jemu. Na hiyo baiskeli, angalieni breki kabla ya Jumamosi.

Shangazi yako